Kufufua Trekta la Zamani Nyumbani: Mwongozo Kamili, Kuanzia Injini Iliyokwama Hadi Rangi ya Mwisho

Trekta la zamani hufufuliwa kutoka ndani kwenda nje. Kazi nyingi zinazofanywa nyumbani huharibika pale mpangilio huu unapogeuzwa. Mtu ananunua rangi kwanza, anapaka boneti, anabandika nembo mpya, halafu baada ya miezi miwili analazimika kulitenganisha trekta lile lile katikati kwa kuwa klachi haiachii. Rangi yote inachubuliwa na spana na kulowa oili. Hapa tunafuata mpangilio wa kazi yenyewe: kulitambua trekta, kulisafisha, kulipima, kulifungua, kulitengeneza, kuliwasha, na rangi mwishoni kabisa. Mifano mingi ni ya matrekta madogo na ya kati ya miaka ya 1940 hadi 1970, kama Ferguson TE20, Massey Ferguson 35 na 135, Ford 8N na Fordson Major.

Jua kwanza ulicho nacho

Tafuta kibati cha namba ya trekta na namba ya injini kabla ya kununua hata gasketi moja. Mara nyingi kibati kiko karibu na dashibodi, na namba ya injini imegongwa kwenye bloku. Zisugue kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Usitumie msasa wala grenda, kwa sababu namba ikifutika hairudi.

Namba ina maana kubwa kuliko jina lililoandikwa kwenye boneti. Massey Ferguson 35 za dizeli zilitoka na injini mbili tofauti kabisa: ya kwanza ni Standard 23C yenye silinda nne, ambayo ni ngumu kuwaka asubuhi ya baridi, na ya pili ni Perkins yenye silinda tatu iliyoanza kufungwa mwaka 1959. Gasketi, pistoni na pampu za injini hizo haziingiliani. TE20 nayo, iliyotengenezwa Coventry nchini Uingereza kuanzia 1946 hadi 1956, ilitoka ikiwa ya petroli, ya mafuta ya taa au ya dizeli. Zilitengenezwa zaidi ya 500,000, na ndiyo sababu vipuri vyake vinapatikana hadi leo. Isitoshe, trekta lenye umri huu huenda lilishabadilishiwa injini. Linganisha namba ya injini na namba ya trekta, na uagize vipuri kwa namba ya kile kilichofungwa, si kwa jina.

Tafuta pia kitabu cha ufundi cha trekta hilo, kile cha karakana, si kile cha dereva peke yake. Vipimo vilivyoandikwa hapa vinatosha kukuongoza, lakini toki (nguvu ya kukaza) ya bolti, nafasi za metali (vikombe laini vinavyobeba krankshafti) na ukomo wa uchakavu lazima vitoke kwenye kitabu cha injini yako.

Ikiwa bado hujalinunua, angalia vitu vitatu ambavyo ni ghali au vigumu kupatikana: ufa kwenye bloku, hasa ubavuni ambako maji huganda au kutu hula; sehemu za chuma cha kutupwa zilizopasuka kwenye boksi la gia au kasha la ekseli ya nyuma; na ringi za magurudumu ya nyuma zilizooza kwa sababu tairi zilijazwa maji yenye chumvi ya kalsiamu ili kuongeza uzito. Bati za boneti na mabawa ya matope zisikutishe, kwani hizo hunyooshwa au kununuliwa.

Mahali na zana

Unahitaji sakafu ngumu iliyo sawa, ikiwezekana ya zege, yenye nafasi ya mita 4 kwa 6, kwa kuwa trekta likitenganishwa huchukua karibu mara mbili ya urefu wake. Jeki ya tani 5, stendi nne za chuma zenye uwezo wa kubeba tani 3 kila moja, vipande vya mbao ngumu, na winchi ya mnyororo au kreni ya injini ya tani 1 ndivyo vya msingi. Usiingie chini ya trekta lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Zana za mkono ni seti ya soketi, spana ya toki, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mianya), maikromita, kipimo cha ndani ya silinda, kipima kompresheni na multimita. Angalia aina ya nyuzi za bolti. Matrekta mengi ya Uingereza na Marekani hutumia vipimo vya inchi, na yale ya zamani zaidi ya Uingereza yana bolti za Whitworth na BSF ambazo spana zake ni tofauti tena. Spana ya milimita iliyolazimishwa juu ya nati ya inchi huimaliza pembe, na baada ya hapo utahitaji moto na patasi.

Kuna hatari mbili zisizoonekana. Vitambaa vya breki na sahani za klachi za miaka hiyo mara nyingi vina asbestosi, kwa hiyo usipulize vumbi lake kwa kompresa. Lilowanishe kwa maji yenye sabuni, lifute, na vaa barakoa ya chembechembe. Rangi ya zamani nayo huwa na risasi, na kuisaga ikiwa kavu bila barakoa ni kujipa sumu.

Kusafisha na kuandika

Osha trekta lote kabla ya kulegeza bolti ya kwanza. Kwangua tope na grisi nene kwa kisu cha puti, paka mafuta ya taa au dawa ya kuondoa grisi, acha dakika 20, kisha osha. Funika mdomo wa hewa, kifuniko cha oili, dainamo na pampu ya dizeli kwa mifuko ya plastiki, na usielekeze maji ya presha kwenye sili. Usafi huu hautafuti urembo. Trekta safi linakuonyesha oili inatoka wapi, na linazuia mchanga kuingia ndani ya boksi la gia utakapolifungua.

Piga picha nyingi, kutoka pande zote, hasa njia za nyaya, mabomba ya dizeli na fimbo za gavana (kidhibiti mwendo wa injini). Kila kundi la bolti liwekwe kwenye mfuko wake wenye kibandiko: "kifuniko cha gia za taimingi, bolti 9, mbili ndefu upande wa kushoto." Bolti ndefu ikiingizwa kwenye tundu fupi huweza kutoboa njia ya maji au kupasua chuma, kwa hiyo maandishi haya yana thamani kuliko yanavyoonekana.

Injini iliyokwama

Injini iliyokaa miaka bila kuzungushwa mara nyingi huwa imekwama. Kishawishi kikubwa ni kulivuta trekta kwa gari huku gia imeingizwa. Usifanye hivyo. Ringi za pistoni zilizoshikwa na kutu huvunjika, konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krankshafti) hupinda, na kama kuna maji juu ya pistoni, bloku yenyewe huweza kupasuka.

Toa injekta zote (vipulizia dizeli), au plagi kama ni ya petroli. Fungua kifuniko cha vali juu ya silinda hedi na ugonge kila vali taratibu kwa nyundo ya plastiki. Inapaswa kushuka na kurudi yenyewe. Vali iliyokwama hupindisha fimbo yake mara tu injini inapozunguka, kwa hiyo hii huja kabla ya kuhangaikia pistoni. Chungulia ndani ya silinda kwa tochi. Mimina kila silinda mchanganyiko wa oili ya gia otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, kiasi cha mililita 100. Asetoni huwaka haraka, hivyo fanya kazi nje, mbali na cheche. Iache siku tatu hadi wiki, ukiongeza kila siku inaposhuka. Silinda ambayo mafuta hayashuki kabisa ndiyo iliyoshika zaidi.

Kisha jaribu kuzungusha kwa mkono, kwa spana ndefu kwenye bolti ya puli ya krankshafti, mbele kidogo na nyuma kidogo. Usining'inie kwenye spana kwa uzito wote. Ikishindikana, ng'oa silinda hedi na sampu (bakuli la oili chini ya injini), weka kipande cha mti mgumu kilichochongwa kuenea juu ya pistoni, kisha ugonge kwa nyundo ya kilo 2 kwa mapigo mafupi mengi. Pigo moja kubwa hupasua pistoni. Mapigo madogo hutikisa kutu mpaka iachie. Pistoni iliyo katikati ya safari yake ndiyo ya kugonga kwanza, kwani iliyo juu kabisa au chini kabisa haiwezi kuizungusha krankshafti.

Injini ikiachia, izungushe kwa mkono ikiwa bila injekta ili mafuta yote yatoke juu ya pistoni kabla ya kutumia stata. Kimiminika hakibanwi, na mafuta yaliyosahaulika ndani yanaweza kupinda konrodi.

Kupima kabla ya kufungua

Ikiwa injini inazunguka, usiifungue kabla ya kuipima. Kipimo cha kompresheni kinakueleza kama unahitaji ringi, vali, au usafi tu. Pasha injini ikiwezekana, toa injekta zote, funga kipimo silinda moja baada ya nyingine, na uzungushe kwa stata yenye betri iliyojaa. Injini ya dizeli yenye afya hutoa bar 24 hadi 30. Chini ya 20, kuwaka huwa kwa tabu. Injini za petroli za zamani zenye kompresheni ndogo hutoa bar 6 hadi 9. Tofauti kati ya silinda na silinda ina uzito kuliko namba yenyewe: ikizidi asilimia 15, kuna jambo.

Mimina kijiko kimoja cha oili kwenye silinda dhaifu na upime tena. Namba ikipanda sana, ringi au slivu (bomba la ndani ya silinda ambamo pistoni hutembea) zimekwisha. Isipopanda, vali hazikai vizuri au gasketi imeungua. Silinda mbili jirani zote zikiwa chini, gasketi kati yake ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Fungua pia bolti ya kumwagia oili na uangalie kinachotoka mwanzo. Maji hutangulia, kwa kuwa ni mazito kuliko oili. Oili yenye rangi ya maziwa kwenye injini huashiria gasketi, slivu au ufa. Kwenye boksi la gia, mara nyingi ni mvua iliyoingia kupitia mpira wa gia uliopasuka, na huko kusafisha na kubadilisha oili hutosha.

Kuifungua injini

Silinda hedi ikitoka, pitisha rula iliyonyooka juu yake kwa urefu na kwa mshazari, na ujaribu kupitisha fila ya milimita 0.10 chini ya rula. Ikipita, peleka hedi ikasagwe. Wakati iko huko, zisagwe na vali zake, na iangaliwe kama ina ufa kati ya vali na tundu la injekta, mahali panapopasuka mara nyingi.

Slivu hupimwa mahali patatu: juu pale ringi ya kwanza inapofika, katikati, na chini, kila mahali kwa pande mbili zinazokatana. Uchakavu mkubwa huwa juu, upande ambao pistoni inasukumwa. Kwenye injini nyingi za aina hii, uchakavu ukifika milimita 0.15 hadi 0.20 slivu hubadilishwa. Ukiweka ringi mpya kwenye slivu yenye ngazi juu, ringi ya kwanza itagonga ngazi hiyo na kuvunjika. Hili ni kosa linalorudiwa sana, na hutokana na kutaka kuokoa fedha mahali pasipookolewa.

Jua kama slivu zako ni kavu au za maji. Perkins ya silinda tatu ina slivu kavu zilizobanwa ndani ya bloku. Kuziingiza ni kazi ya presi ya karakana. TE20 na Fordson Major zina slivu za maji, ambazo fundi wa nyumbani anaweza kuzitoa na kuziingiza mwenyewe. Hapo jambo la kushika ni usafi wa kikalio. Kipande cha kutu cha unene wa karatasi chini ya slivu huiinua upande mmoja, na gasketi ya hedi haidumu. Baada ya kuiingiza, pima kimo chake juu ya uso wa bloku. Inatakiwa itokeze sehemu ndogo ya milimita kama kitabu kinavyosema, na zote zilingane. Kabla ya slivu mpya kuingia, kwangua tope lote la kutu lililojaa njia za maji upande wa nyuma wa bloku. Injini nyingi huchemka baada ya kufufuliwa kwa sababu tope hilo liliachwa.

Ringi mpya ingiza kwanza bila pistoni ndani ya slivu, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, na pima mwanya wa ncha zake. Kwa kadiri ya kawaida ni milimita 0.30 hadi 0.40 kwa kila milimita 100 za kipenyo. Mwanya ukiwa mdogo mno, ringi hupanuka kwa joto, ncha zinagongana na slivu inachanwa. Pistoni zirudi kwenye silinda zake, zikielekea zilikokuwa zimeelekea. Mianya ya ringi isipangwe mstari mmoja. Zizungushe zitofautiane kwa nyuzi 120.

Krankshafti pima kila shingo kwa maikromita kwa pande mbili. Ikiwa imekuwa yai au ina mikwaruzo inayokwama kwenye ukucha, ipelekwe ikasagwe. Metali za kufidia huuzwa kwa hatua za inchi 0.010, 0.020 na 0.030. Angalia mgongo wa metali ulizotoa, kwa kuwa mara nyingi hatua imeandikwa hapo, na ikiwa tayari imefika 0.030 huenda krankshafti haina nafasi ya kusagwa tena. Unapozifunga metali mpya, zipake oili nzito, kaza hatua kwa hatua, na uzungushe krankshafti kwa mkono baada ya kila kofia. Ikianza kuwa ngumu, tatizo liko kwenye kofia uliyoikaza mwisho, nawe hutahitaji kubahatisha.

Hedi hukazwa kutoka katikati kwenda nje, kwa mzunguko, kwa awamu tatu: theluthi ya toki, theluthi mbili, kisha toki kamili. Mwanya wa tapeti (kati ya vali na mkono unaoisukuma) wa Perkins ya silinda tatu ni inchi 0.012 injini ikiwa baridi, yaani milimita 0.30. Kila silinda iwekwe juu kabisa kwenye mpigo wa kubana, vali zote mbili zikiwa zimefungwa, kwa mpangilio wa 1, 2, 3.

Dizeli na petroli

Tangi lenye kutu ndani litaharibu kila kitu utakachosafisha mbele yake, kwa hiyo anza nalo. Tia changarawe ndogo au mnyororo mfupi pamoja na maji ya sabuni, litikise, lisuuze, kisha lijaze asidi ya sitriki gramu 80 kwa kila lita ya maji ya vuguvugu kwa saa chache. Lisuuze kwa maji yenye magadi, likaushe haraka kwa hewa, na upake oili nyembamba ndani. Tangi lililowahi kubeba mafuta lisichomelewe wala kukatwa kwa grenda, hata kama lina miaka kumi likiwa tupu. Mvuke uliobaki kwenye mishono hulipuka. Tundu dogo lizibwe kwa bati la kulehemiwa kwa risasi kwa chuma kilichopashwa moto mbali na tangi, au kwa gundi ya epoksi ya matangi.

Pampu ya injekta usiifungue nyumbani. Vipande vyake vimelingana kwa vipimo vidogo mno, na bila mashine ya kupimia hutajua kama kila silinda inapata kiasi sawa. Kazi yako ni kuweka alama kwenye flanji na kwenye kasha kabla ya kuing'oa, ili majira ya kupuliza yarudi pale pale. Injekta nazo zipimwe kwenye mashine. Usiweke mkono mbele ya nozeli inayopuliza, kwa kuwa dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo huhitaji upasuaji wa haraka.

Unaporudisha injekta, hakikisha washa (pete ya kuziba) ya shaba ya zamani haikubaki chini ya tundu. Washa mbili zikikaa pamoja, nozeli haifiki mahali pake, kompresheni inavuja, na injini inatoa moshi mweupe usiokwisha. Kaza nati mbili za injekta kwa zamu ili isikae upande.

Kutoa upepo hufuata njia ya dizeli. Piga pampu ndogo kwa mkono, fungua skrubu ya juu ya filta mpaka mapovu yaishe na ifunge, halafu skrubu za pampu ya injekta, moja baada ya nyingine. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye injekta, vuta mkono wa mafuta hadi mwisho, zungusha kwa stata, na kaza kila moja dizeli inapotoka bila povu. Upepo ukirudi baada ya kuwaka, tafuta panapovuta hewa kabla ya pampu ndogo: bomba la mpira lililopasuka, au kikombe cha kioo kisichokaa kwenye gasketi.

Kwenye petroli, kabureta husafishwa kwa kuifungua yote, na kila tundu hupulizwa kwa hewa. Usichokoe jeti kwa waya wa chuma. Hulipanua tundu, na injini hula mafuta bila sababu.

Kutenganisha trekta na kutengeneza klachi

Matrekta haya hayana chesisi. Injini, boksi la gia na ekseli ya nyuma zimeungana kuwa mwili, na ukitenganisha hapo kati, kila nusu inataka kuanguka upande wake. Kabla ya kulegeza bolti yoyote, piga kabari ngumu za mbao kati ya ekseli ya mbele na kikalio chake, kushoto na kulia. Ekseli ya mbele inabembea kwenye pini moja, na bila kabari injini itapinduka pembeni mara tu inapoachana na boksi la gia. Weka stendi chini ya boksi la gia na jeki ya magurudumu chini ya injini, zuia matairi ya nyuma, kisha usukume nusu ya mbele kwenda mbele ikiwa imenyooka.

Ukishafungua, badilisha kila kitu kinachohitaji kazi hii hii: sahani ya klachi, beringi ya kuachia, beringi ndogo ya ndani ya flaiwili, na sili ya nyuma ya krankshafti. Kuacha beringi ya zamani kwa sababu bado inazunguka ni kujihakikishia kazi hii mara ya pili. Sahani ipangwe katikati kwa shafti ya kuigiza, na kimo cha vidole vya klachi kiwe sawa kwa vyote; kidole kimoja kikiwa juu, klachi itatikisika inapokamata. Ikiwa klachi ni ya hatua mbili, ile ya PTO (shafti ya nyuma inayoendesha mashine) nayo ipimwe kabla ya kufunga.

Kukutanisha nusu mbili huhitaji subira. Zikikataa kukutana kwa milimita chache za mwisho, usizivute kwa bolti. Zungusha flaiwili polepole hadi meno ya shafti yakubaliane. Bolti zikilazimisha, masikio ya chuma cha kutupwa hukatika.

Haidroliki, breki na mbele

Kwenye Ferguson na Massey Ferguson, pampu ya haidroliki iko ndani ya oili ile ile ya boksi la gia na difu. Kwa hiyo uchafu wa gia huenda moja kwa moja kwenye vali za pampu. Mikono ya kuinulia isiyoinua mzigo mara nyingi ina moja kati ya sababu tatu: oili pungufu au chafu, sili ya pistoni ya kuinulia iliyokwisha, au vali ya kudhibiti iliyokwama. Inua mzigo, zima injini: ukishuka haraka, ni sili au vali; usipoinuka kabisa, angalia pampu na oili. Tumia oili ya trekta inayofaa gia na haidroliki pamoja. Oili za gia za daraja la GL-5 ziepukwe pale penye bushi za shaba, kwa kuwa baadhi ya viungo vyake huila shaba. GL-4 ndiyo salama kama kitabu kinataka oili ya gia. Kivujo cha haidroliki kitafutwe kwa kipande cha kadibodi, si kwa kiganja.

Breki dhaifu kwa kawaida hutokana na sili ya shafti ya nyuma inayomwaga oili kwenye vitambaa. Kubadilisha vitambaa bila sili ni kazi itakayodumu wiki moja tu. Baada ya kufunga, rekebisha kushoto na kulia kwa kuinua magurudumu na kulinganisha nguvu ya kuyazuia, kwa sababu breki moja ikikamata kwanza barabarani, trekta hugeuka ghafla. Kwa usukani, angalia pini za mbele, bushi za ekseli na vichwa vya fimbo kabla ya kulaumu boksi la usukani.

Umeme

Nyaya za miaka 50 zisitengenezwe kwa viraka. Ondoa zote na uweke mpya, zenye fyuzi. Kwanza tambua upande wa betri ulioungwa kwenye mwili. Ford 8N ilikuwa ya volti 6 na chanya kwenye mwili, na matrekta mengi ya Uingereza ya volti 12 pia yalikuwa na chanya kwenye mwili. Ukifunga alteneta ya kisasa bila kugeuza upande huo, diodi zake huungua papo hapo. Mfumo wa volti 6 huhitaji kebo nene zaidi ya stata, milimita za mraba 50 hadi 70. Kebo nyembamba ndiyo husababisha lawama kwamba volti 6 haina nguvu. Sehemu ya mwili inayopokea kebo ikwanguliwe hadi chuma king'ae. Dainamo iliyotengenezwa upya igusishwe waya kutoka betri kwenye kituo chake cha fildi kwa sekunde moja, ili ikumbuke upande wake, la sivyo haitachaji.

Kuwasha mara ya kwanza

Jaza oili mpya, filta mpya, maji na kizuia kutu. Vuta kizimio na uzungushe kwa stata kwa sekunde 10 hadi 15, pumzisha dakika moja, urudie mpaka geji ya oili ionyeshe presha. Isipoonyesha, usiwashe. Weka karibu kipande cha ubao bapa kinachoweza kuziba mdomo wa hewa wa injini ya dizeli. Pampu ikikwama kwenye mafuta mengi, injini hupanda mbio bila kusikia kizimio, na kuiziba hewa kwa ubao ndiyo njia ya kuinusuru. Usitumie kitambaa wala mkono.

Ikiwaka, iache kwenye mizunguko ya kati, karibu 1,000 kwa dakika, si kwenye mizunguko ya chini kabisa. Angalia presha, vivujo na joto kwa dakika 20 hadi 30. Ikipoa, kaza hedi upya kama kitabu kinavyoelekeza, na pima tapeti tena. Siku zinazofuata ipe mzigo wa wastani unaobadilika. Injini mpya inayoachwa ikinguruma bila kazi hung'arisha slivu, ringi hazikai, na itakula oili maisha yake yote. Oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20 hadi 25.

Rangi

Sasa trekta linafanya kazi na halivuji, ndipo rangi ina maana. Chuma kikubwa kisuguliwe kwa brashi ya waya, na sehemu ndogo zenye kutu zaweza kusafishwa kwa umeme: ndoo ya plastiki, kijiko kikubwa cha magadi ya kufulia kwa kila lita 4 za maji, chaja ya betri ya volti 12, waya hasi kwenye kipande chako na chanya kwenye chuma chakavu. Usitumie chuma cha pua upande wa chanya, kwa kuwa hutoa sumu ya kromu, na fanya kazi nje kwa sababu ya gesi ya haidrojeni. Kupuliza mchanga kufanyike kwa magurudumu na mabawa tu, kamwe si kwa injini iliyofungwa au boksi la gia. Mchanga hupita kwenye kila sili.

Chuma kikishasafishwa kipakwe praima siku hiyo hiyo, maana kutu mpya huanza kwa unyevu wa mkono. Tabaka mbili za praima, msasa wa maji namba 400, kisha tabaka mbili au tatu nyembamba za rangi, ukisubiri dakika 15 hadi 20 kati yake. Trekta dogo hula lita 2 hadi 3 za rangi kuu. Rangi ya enameli inamfaa fundi wa nyumbani. Rangi ya pakiti mbili ina isosayanati inayodhuru mapafu, na barakoa ya kawaida haitoshi. Ziba kibati cha namba, chuchu za grisi, mabomba ya mpira na tundu la kupumulia la injini, na bomba la moshi lipate rangi ya kuhimili joto.

Baada ya saa 50 za kazi, kaza upya bolti za magurudumu, za muungano wa boksi la gia na injini, na za ekseli ya mbele, kwa kuwa rangi na gasketi mpya hulainika na kukaa chini ya bolti. Angalia grisi ya pini zote siku hiyo hiyo, na pima mchezo wa pedali ya klachi, kwani sahani mpya huwa tayari imeanza kukaa.